Nani Atamshika Zuhura

Watu hustaafu wakiwa na mvi. Mimi nimestaafu nikiwa na chunusi, na hakuna aliyenipa mkono wa kwaheri. Kazi yenyewe ilikuwa uyaya, hapa Shinyanga mjini, na nimeiacha msimu huu wa mvua. Naandika kwa sababu wasichana wawili wamefika kutoka kwetu Ushirombo, nao wanatafuta kazi hiyohiyo, na mke wa katekista amewaambia, "Mfuateni Kabula, huyo anaijua." Walinifuata hadi uani. Niliwatazama miguu, nikasema "ndiyo" kwa kila walichouliza, hata yale yasiyotaka ndiyo, kisha nikaingia ndani. Basi wasome. Mbele ya karatasi sioni haya.

Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo. Kwa masista nilisoma mpaka madarasa ya juu waliyokuwa nayo kwa wasichana, na wengi wa rika langu walikuwa wamekwisha kuolewa nikiwa bado nafanya hesabu za sehemu. Baba alipofariki, baba mdogo alinichukua. Yeye yuko katika genge la reli, na nyumbani kwake tulikuwa wengi kuliko chakula. Mke wake akanipeleka kwa Mama Zuhura.

Namwita Mama Zuhura, ingawa wakati huo hakuwa amekuwa mama wa mtu kwa muda mrefu. Zuhura alikuwa ndiyo kwanza ametoka arobaini. Mama yake ni Mmanyema, kwao Ujiji, na kazi yake ilikuwa kukaanga vitumbua na kuvipeleka stesheni vikiwa na moto, maana abiria wa gari moshi hanunui kilichopoa. Mumewe alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja sokoni. Walipanga chumba kimoja. Nilipofika siku ya kwanza, nilisimama mlangoni na kusema "shikamoo" kwa sauti ndogo hata Mama Zuhura akadhani ni mlango.

"Marahaba. Umewahi kushika mtoto?"

"Wa shangazi yangu."

"Alikufa?"

"Hapana."

"Basi ingia."

Akanipa mtoto, akajitwika sinia lake, akaondoka. Zuhura alinikojolea kabla mama yake hajafika kwenye kona. Nililia kidogo, yeye hakulia.

Aliyenifundisha kazi ni Dada Holo, Msukuma wa Ushetu aliyekwisha kulea watoto wa nyumba nyingi pale mtaani. Alikuwa na mgongo mpana na maneno makali. Alinifundisha kufunga mbeleko chini ya makwapa, si juu ya matiti, ili pumzi isikatike. Alinifundisha kupima maji kwa kiwiko, maana kiganja cha mtu anayepika hakijui tena moto. Kaniki ya mbeleko ioshwe peke yake. Uji uonjwe kwa kijiko kingine. Mtoto akinyamaza ghafla, kamwangalie. Akilia, una nafasi ya kumaliza unachofanya. Na lingine alinieleza tukiwa kisimani, huku akifunika mdomo kwa upande wa kanga kama anayesengenya.

"Mama akirudi, na mtoto akamkataa akakutaka wewe, toka nje. Jifanye unakwenda chooni. Usisimame pale ukitabasamu."

"Kwa nini?"

"We Kabula, umesoma nini huko misheni? Toka tu."

Nilitoka mara nyingi. Mpaka jirani mmoja alimwambia Mama Zuhura anipeleke kwa daktari, nina tumbo.

Kazi ngumu zilikuwapo. Kulikuwa na surua iliyopita mtaani, tukalala na mtoto kwenye giza kwa kuogopa mwanga umharibu macho. Kulikuwa na kiangazi ambacho maji ya kisima yaligeuka tope na nilichuja kwa kitambaa cha ushungi wangu wa kanisani. Kuna wakati mtoto alimeza kifungo cha suruali, na baba yake, ambaye alikijua ni cha suruali ya nani, alikaa siku nzima akimkwepa mwenye suruali. Kifungo kilitoka. Nilikiosha, akakishona. Haya huwezi kufundishwa. Yakija yanakukuta umeshika mtoto mkononi, na mkono mwingine ndio huo unaofikiri nao.

Ndipo zikaja habari za dhahabu ya Geita. Kila aliyekuwa na jembe akawa mchimbaji. Baba Zuhura hakuchimba. Alifunga cherehani nyuma ya baiskeli, akaenda kukaa kambini huko machimboni, akawa anashona viraka vya suruali na vifuko vidogo vya kutilia mchanga wa dhahabu, vile ambavyo mchimbaji huvificha mahali ambapo sitapaandika. Walimlipa kwa walichonacho. Aliporudi alikuwa mwembamba, amekohoa njia nzima, lakini alikuwa na cha kununulia nyumba. Alimwambia mkewe mlangoni, hata kabla ya kunywa maji:

"Mama Zuhura, kodi basi."

Tulifurahi wote. Nasema tulifurahi, ingawa hayakunihusu.

Tulikwenda kuangalia nyumba wote wanne, maana Zuhura alikuwa mgongoni mwangu. Alikuwa mkubwa sasa, anatembea na kukimbia, lakini alipenda mbeleko kama mtoto mchanga, nami sikumkataza. Ya kwanza ilikuwa karibu na stesheni. Nyumba ya mabati, milango ya mbao, ukuta umepakwa chokaa. Baba Zuhura aligonga mabati kwa fimbo apate kuyasikia.

"Hapa mvua itanyesha, sisi tunasikia tu," akasema.

"Na vitumbua havipoi," Mama Zuhura akasema. Aliingia, akatoka, akaingia tena. Nilimwona anaipenda. Kisha akauliza bei, wakaenda pembeni. Waliporudi alikuwa amekunja uso. "Tukinunua hii, Kabula hatumwezi tena."

"Tutajibana."

"Na mtoto atashikwa na nani? Mabati?"

Baba Zuhura alinitazama, mimi nikatazama chokaa.

Ya pili ilikuwa nje ya mji, njia ya kwenda mbugani. Uwanja mkubwa, nyasi juu, bei ndogo. Mimi wangeniweza, na cherehani ya pili pia. Lakini mwendo kutoka pale hadi stesheni ni wa kuvunja kiuno, na fisi walikuwa wanapita hapo kama wenyeji. Mama Zuhura alisema vitumbua vitafika stesheni vikiwa mawe. Baba Zuhura akasema waliokuwa Geita walikula vitu vibaya kuliko mawe na wakalipa. Wakarudi mjini mmoja mbele, mmoja nyuma, nami na mtoto katikati.

Ya tatu ilikuwa nusu ya nyumba, nyuma ya soko, karibu na msikiti. Vyumba viwili upande huu, vyumba viwili upande ule, na uwanja mmoja katikati. Upande ule alikaa Bi Mwamini, mjane, mzee wa heshima, anayesuka mikeka. Tulimkuta ameketi chini na ukili mapajani, na watoto wa majirani wamejaa mbele yake kama vifaranga. Kila mtoto alikuwa na njuga moja mguuni, ile kengele ndogo ya wacheza ngoma, imefungwa kwa kamba ya ngozi. Uwanja mzima ulikuwa unalia. Yeye hakuinua uso, vidole vilikwenda tu, na kila baada ya muda aliita, "Mosi, rudi," au "Nani yuko kwenye jiko langu?" na mtoto kweli alikuwa anaondoka, na mtoto kweli alikuwa jikoni.

"Mashaallah," alisema Baba Zuhura polepole. "Huyu ana macho kisogoni."

"Hao wote ni wajukuu zako, Bibi?" Mama Zuhura aliuliza.

"Mtoto wa uwanja huu ni wangu," akasema Bi Mwamini. "Karibuni."

Basi. Hayo ndiyo mapatano yote yaliyofanyika. Mama Zuhura alimpelekea sahani ya vitumbua, bibi akaipokea na kuirudisha na ndizi mbivu juu yake. Kumwuliza mzee kama yule, "Je, utatushikia mtoto?" ingekuwa kama kumpangia kazi. Kumtajia malipo ingekuwa kumtukana kabisa. Hivyo ndivyo mji huu ulivyo. Mzee wa uwanja ni bibi wa wote na bibi haajiriwi. Wale wawili wakapiga hesabu zao, na mahali pa yaya wakaandika bibi, na mahali pa malipo wakaacha wazi. Nyumba ikanunuliwa. Nafasi yangu ikaishia hapo.

Mama Zuhura aliniambia tukiwa tunakunja magodoro ya kuhamia. "Si kwa ubaya, Kabula. Unaona mwenyewe."

"Naona."

"Utakuja kumsalimia."

"Nitakuja."

Nilibeba vyombo vyao mpaka nyumba mpya, nikamteremsha Zuhura kwenye uwanja ule, Bi Mwamini akampapasa mguu na kumfunga njuga. Zuhura aliruka palepale asikie mlio. Nikaondoka akiwa anaruka. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akilia, kwa hiyo nilipata shida kidogo ya kujua nifanye nini na uso wangu.

Kila Jumapili baada ya misa nilipita. Nitasema kweli, nilimwonea wivu yule bibi. Watoto wote hao, yeye hainuki, hapigi kelele, hachoki. Nilijisemea, labda mimi sikuwa najua kazi. Aliniita "mwana wa misheni" na kunitania kuhusu ushungi wangu.

"Leo padri kawaambia nini?"

"Tupendane."

"Na huko nako bado hamjaanza?"

Kisha ikaja habari ya njuga. Pale barazani kwa Mhindi, wenzake Baba Zuhura walikuwa wakimchokoza. Njuga ni za mbina, ngoma za vijijini. "Fundi, binti yako anaingia lini uwanjani? Tuje tutunze?" Alicheka nao mchana. Jioni alikaa, akakata ile kamba ya ngozi kwa mkasi wake wa kazi. Mama Zuhura hakupinga, kwa sababu kamba ilikuwa imemchubua mtoto kifundoni. Asubuhi Bi Mwamini akauliza, "Njuga ya Zuhura iko wapi?"

"Tumeiweka, Bibi," Baba Zuhura akasema kwa adabu. "Ameshakua."

Bi Mwamini akarudi kwenye ukili wake. Hili nimelijua baadaye kwake mwenyewe. Tangu asubuhi hiyo alimshika Zuhura kwa pindo la gauni. Ukili aliusuka kwa mkono mmoja na meno.

Jumapili ile nilifika adhuhuri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na uwanja ulikuwa wa utelezi. Bi Mwamini alikuwa amesimama juu ya mkeka wake wa kusalia, mikono yote miwili mitupu, anageuza kichwa huku na huku kama kuku.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Bibi. Kabula. Shikamoo."

"Zuhura yuko upande gani?"

Nilidhani anacheza na mtoto, kwamba Zuhura amejificha na mimi nisimtaje. Nikacheka kidogo.

"Kabula," akasema, "usinicheke. Niambie yuko upande gani. Sioni."

Nilitazama uwanjani. Walikuwapo watoto wengine, na njuga zao. Zuhura hakuwapo. Ndipo nikamtazama bibi usoni kutoka karibu, kwa mara ya kwanza bila haya, nikaona macho yake yamefunikwa na utando kama maziwa yaliyopoa.

Nilitoka mbio. Nyuma ya nyumba zile kuna shimo ambalo watu huchota udongo wa kukandikia, na mvua ilikuwa imelijaza. Nilimkuta muuza maji ameshatupa chini ndoo zake, amelala kifudifudi ukingoni, amemshika Zuhura mkono mmoja. Tope jeusi lilikuwa limemfika mtoto kifuani. Halii. Anatazama tu. Nililala kando ya yule muuza maji, nikashika mkono wa pili, tukavuta, na lile tope lilimwachia kwa shingo upande. Alikuwa baridi. Nilimfunga mgongoni na ushungi wa kanisani, na tulipofika kwenye kona alinikojolea, nikajua yu mzima.

Alishikwa na homa ya kifua, ikakaa, ikaondoka. Hilo ndilo jema lote ninaloweza kuandika.

Mtaa ulifanya kama mitaa inavyofanya. Watoto walichukuliwa mmoja mmoja kutoka kwa Bi Mwamini, na mama mmoja alifungua njuga ya mwanawe palepale mbele yake, akaitupa kwenye mkeka. "Ametudanganya miaka yote hii," walisema kisimani. Baba Zuhura alisema hivyohivyo, kwa sauti, ukutani kwake, ukuta ambao ni mmoja na wa bibi. Nilikwenda kumsalimia. Alikuwa amekaa na ukili mapajani, hasuki.

"Mwana wa misheni, nilimdanganya nani? Walinikuta nimekaa na watoto, nao wakaacha wa kwao. Hakuna aliyeniuliza."

"Ungesema, Bibi."

"Ningesema nini? Kipofu akisema haoni, huletewa chakula. Haletewi mtoto."

Nilimletea maji, nikaondoka.

Sasa nyumba ilikuwapo na mshikaji hakuwapo. Mama Zuhura alinitaka nirudi. Pesa ilikuwa imekwisha kuingia kwenye ukuta, na ukuta haurudishi. Walijaribu kuiuza, lakini nani atanunua nusu ya nyumba iliyo na sifa ile? Baba Zuhura aliamua kurudi Geita na cherehani yake, ingawa kifua chake bado hakikuwa kizuri. Mama Zuhura hakuweza kuacha stesheni, ndiyo ilikuwa inawalisha. Nilisema nitamshika mtoto bila malipo. Nililisema hilo kwa baba mdogo, jioni, nikitazama sufuria.

"Kulea bure ni kwa ndugu," akasema. "Wewe ni ndugu yao?"

"Si ndugu."

"Basi. Na hapa unakula nini?"

Hakusema kwa ukali. Alikuwa ametoka kubeba mataruma ya reli tangu alfajiri.

Shangazi yake Zuhura, dada wa Baba Zuhura, akaja kutoka Ujiji kumwona mtoto, na ikakubaliwa kwamba atarudi naye. Mpaka kaka yake apate. Mpaka mambo yakae sawa. Nyumba hii ilinunuliwa ili mtoto awe na kwao, na mtoto ndiye pekee asiyeweza kukaa ndani yake. Hayo nayasema mimi, wao hawakuyasema.

Siku ya safari nilikwenda stesheni. Kazi yangu iliyokuwa ya mwisho niliifanya bila kuajiriwa. Mama Zuhura alikuwa amembeba mtoto mwenyewe, kwenye mikono, amelala, na shangazi alikwisha kuingia behewani, amefungua dirisha. Ni mwanamke wa maana, amelea wengi, anauliza mambo ya kuulizwa.

"Wifi, asubuhi anakula nini?"

Mama Zuhura alifungua mdomo. Asubuhi zote za mtoto huyo yeye alikuwa jikoni anakaanga, kisha njiani, kisha hapohapo tulipokuwa tumesimama. Alinigeukia kidogo tu, kwa jicho. Nilikuwa nyuma ya bega lake. Nikanong'ona.

"Uji wa ulezi," akasema kwa sauti. "Usio mzito."

"Analala vipi?"

Nikanong'ona.

"Kwa tumbo. Ukimgeuza anaamka."

"Anaogopa kitu?"

"Mbuzi," nikanong'ona. "Na mtu anayekohoa."

"Mbuzi," akasema Mama Zuhura. La pili hakulitaja, maana wifi yake angejua ni nani anayekohoa. "Na akishikwa na homa anataka kushikwa sikio. Sikio la kushoto."

Hilo la sikio nalo nilikuwa nimemnong'oneza. Alilisema vizuri, kama mtu aliyelijua siku zote. Shangazi aliitika kwa kichwa kila neno, akanyoosha mikono dirishani, mtoto akapita kutoka mkono hadi mkono bila kuamka. Mlinzi wa gari alikuwa anafunga milango.

"Na akiamka akaniuliza mama yuko wapi," shangazi akasema, "nimwambieje?"

Mama Zuhura alisimama, uso umeelekea dirishani, bega limeniinamia kidogo, akingoja ninong'one.

Sikuwa na kitu. Gari likapiga honi, likaanza kwenda, naye alikuwa bado ameinamisha bega.